Nilivyochagua programu ya barua pepe, na swali la mama wa vipuri

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo naulizwa kila mara na vijana wanaoanza biashara ya kuhifadhi tovuti: wateja wawekewe programu gani ya kusomea barua pepe kwenye kivinjari? Sisi wa kazi hii huiita webumeli. Wengi wanataka nitaje jina moja tu, waende wakaisakinishe. Jina nitalitaja, lakini hiyo ndiyo sehemu rahisi. Mimi mwenyewe nililifikia baada ya mteja wangu kupoteza pesa, kwa hiyo niruhusuni nianzie mbali kidogo.

Naishi na kufanya kazi Mountain View. Si ile ya California yenye makao makuu ya Google. Hii yetu iko Nairobi, kando ya Waiyaki Way, jirani na Kangemi. Mzaha huo nimeuzoea: mteja mpya akisikia naishi Mountain View anacheka na kuniuliza kama Gmail ni yangu. Namwambia ile ni Mountain View ya mabilioni, hii ni ya chumba kimoja, seva ya kukodi na vikoa mia tatu na ushee vya watu wadogo wadogo: shule, mawakili, maduka, kampuni za utalii.

Ukifanya kazi hii mwaka mmoja tu utagundua kitu. Tovuti ya mteja ikianguka Jumamosi, atakupigia simu Jumatatu, pengine asigundue kabisa. Barua pepe ikikwama dakika kumi, simu italia kabla hujamaliza chai. Mteja anaamini ananunua tovuti, lakini anachokitegemea kila siku ni barua.

Nilianza mwaka 2007. Wakati huo intaneti ya Kenya ilikuwa inapitia setilaiti. Ishara inapanda kilomita kama 36,000 na kushuka tena, jibu nalo linarudi kwa njia ileile, hivyo nusu sekunde inakwisha kabla seva haijafanya lolote. Mkonga wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009 na TEAMS ukafuata mwaka huohuo. Kabla ya hapo kila kilobaiti ilikuwa mali.

Kwa hali hiyo chaguo langu lilikuwa rahisi: SquirrelMail. Ilianzishwa mwaka 1999, imeandikwa kwa PHP, kurasa zake ni HTML tupu na haihitaji JavaScript. Jina lake maana yake ni barua ya kindi, basi mimi na wateja tukaiita Kindi. Haikuwa na uzuri wowote, lakini ilifunguka kwenye kompyuta yoyote ya saiba.

Hapa inafaa nieleze jinsi webumeli inavyofanya kazi, maana mambo yote ya mbele yanategemea hili. Programu hizi hazihifadhi barua. Barua zinakaa kwenye seva ya IMAP. Kwangu mimi ni Dovecot. Webumeli ni karani tu. Ukibofya, karani anakwenda kwenye IMAP kwa jina lako na nenosiri lako, anachukua orodha ya barua, anaipanga iwe ukurasa, anakuletea, kisha anaondoka. Ukibofya tena anaingia upya. Karani huyu akiwa chumba kimoja na sanduku la barua, safari zake zote zinaishia humo ndani na kinachovuka bahari ni ukurasa mmoja mwepesi. Ndiyo maana mtu wa saiba pale Moi Avenue, anayelipa shilingi moja kwa dakika, alimaliza kusoma barua zake kwa Kindi wakati jirani yake bado anangoja POP3 ivute viambatisho vyote.

Lakini karani huyohuyo ndiye anayeshika funguo za kila mtu. Hilo nililijua kwa akili, sikulijua kwa moyo.

Toleo la 1.4.22 la SquirrelMail lilitoka Julai 2011. Baada ya hapo nikangoja jingine. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Aprili 2017 watafiti wakatangaza kasoro iliyomwezesha mtu kuendesha amri kwenye seva inayotumia SquirrelMail pamoja na Sendmail. Niliisoma taarifa ile asubuhi, nikajiambia mimi situmii Sendmail, nikaendelea na mambo yangu. Wateja walikuwa wamezoea Kindi, simu hazilii, kwa nini nijitafutie kazi?

Agosti 2019 simu ikalia. Alikuwa mteja wangu wa miaka mingi, mama anayeuza vipuri vya magari Kirinyaga Road.

"Kijana wangu, hawa watu wa Dubai wananiambia hawajaona pesa. Na mimi nimelipa tangu wiki iliyopita."

"Umelipa kwa akaunti gani, mama?"

"Ile mpya waliyonitumia."

Nikahisi baridi mgongoni. Nilifunga kompyuta, nikapanda matatu hadi mjini, nikaketi naye nyuma ya kaunta katikati ya pampu za maji na vichujio vya mafuta. Tukaanza kufukua. Kumbe alikuwa amepata barua inayosema kikasha chake kimejaa, abofye kiungo ili aongezewe nafasi. Kiungo kilimpeleka kwenye ukurasa wa kuingilia uliofanana kabisa na wa kwetu. Haikuwa vigumu kuufananisha. Ukurasa wa Kindi ulijulikana dunia nzima. Akaandika jina na nenosiri, akaambiwa asante.

Mwizi hakuwa na haraka. Aliingia, akasoma, akajua nani anamuuzia mama na kwa bei gani. Kisha akaweka kichujio: barua yoyote ya msambazaji wa Dubai iende moja kwa moja kwenye folda ambayo mama hajawahi kuifungua. Halafu yeye mwenyewe akaanza kumwandikia mama kwa anwani iliyotofautiana na ya msambazaji kwa herufi moja. Vichujio vile nilikuwa nimeviwasha mimi, tena nikavitangaza kwa wateja kama huduma mpya ya bure.

Zilikwenda shilingi laki sita. Benki ilipofuatilia, akaunti ilikuwa imeshafagiliwa.

Niliporudi Mountain View nilitaka kujua mwizi aliingilia wapi. Kumbukumbu za Dovecot zilionyesha kwamba kila aliyeingia ametoka 127.0.0.1, yaani seva yenyewe. Bila shaka! Anayegonga mlango wa IMAP ni karani, si mtu. Nikakimbilia kumbukumbu za seva ya wavuti. Nilikuwa nimeziweka zijifute kila baada ya siku saba ili kuokoa nafasi. Faili la kichujio lilikuwa na tarehe ya wiki tatu nyuma. Sikuwa na chochote cha kuwapelekea polisi.

Nilimweleza mama yote, bila kuficha. Akanisikiliza, halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau hadi leo:

"Kwa hiyo hii programu yako haiwezi kuniambia kama kuna mtu mwingine ndani ya barua zangu?"

"Haiwezi, mama."

"Basi nakulipa kodi ya nyumba isiyo na mlango."

Kosa halikuwa la Kindi. Waliomtengeneza walitupa bure kazi nzuri kwa miaka mingi. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeendelea kumtumia miaka minane baada ya toleo lake la mwisho.

Jioni ile nilichukua karatasi nikaandika maswali matatu. La kwanza: kasoro ikijulikana usiku wa leo, ni nani ataiziba, na lini? La pili ni swali la mama: mteja atajuaje kama kuna mtu mwingine ndani? La tatu: itafunguka kwenye simu ya bei nafuu yenye bando la shilingi 20? Swali la "ina vitu gani vizuri" sikuliandika kabisa, na kabla ya hapo ndilo pekee nililokuwa nikiuliza.

Kisha nikaanza kuwapima wagombea mmoja mmoja.

Kuwahamishia wote Google. Hili lilikuwa wazo la kwanza, na msilicheke. Gmail ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa gigabaiti moja wakati Hotmail ilikuwa inatoa megabaiti 2 na Yahoo 4. Mwaka 2006 wakaanza kutoa huduma hiyo kwa vikoa vya watu, bure. Lakini Desemba 2012 mlango wa bure ulifungwa kwa wateja wapya, na tangu hapo unalipia kila mtumiaji kila mwezi. Ofisi yenye watu kumi na wanne, nusu yao wakisoma barua mbili kwa wiki, haiwezi. Na dola ikipanda, mteja wa shilingi ndiye anayeumia. Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160. Wateja watatu wenye uwezo niliwahamisha mwenyewe na sijuti.

Zimbra. Ni mfumo mzima wa barua, si karani tu. Ungenilazimu kubomoa nyumba ili nibadilishe mlango. Nikapita.

Horde. Ina kalenda, orodha za kazi, kila kitu. Nilipomwonyesha karani wa shule moja alitazama skrini kwa muda, akauliza barua ziko wapi.

RainLoop. Hii nusura niichukue. Nzuri kwa macho, nyepesi, haihitaji hifadhidata, unaisakinisha kwa dakika tano. Kilichonizuia ni swali la kwanza. Nilipotazama historia ya matoleo yake niliona kazi imelemea mabega machache mno. Aprili 2022 kampuni ya Sonar ilitangaza kasoro ndani yake iliyoruhusu barua moja iliyotengenezwa kwa hila kuiba barua za anayeifungua, na ikasema haikupata jibu kutoka kwa watunzaji. Waliobaki nayo walishauriwa kuhamia SnappyMail, tawi lililochipuka kutoka humo. Niliposoma hayo nilishukuru Mungu, nikakumbuka pia kwamba nilikosa kuichukua kwa bahati kidogo.

Roundcube. Mradi ulianza 2005 na toleo la 1.0 likatoka Aprili 2014. Haikunivutia kwa sura. Kilichonivutia ni kwamba kasoro ikitangazwa, marekebisho yanatoka kwa toleo jipya na kwa toleo la zamani linalotunzwa pia. Yaani mtu ambaye hajahama hasahauliwi. Novemba 2019, nikiwa bado kwenye majaribio, likatoka toleo la 1.4 lenye sura mpya ya Elastic inayojipanga vizuri kwenye simu. Swali la tatu likajibika.

Mwezi huohuo, tarehe 8, Rais alitia saini Sheria ya Ulinzi wa Data. Kwa mujibu wake anayetunza data za watu zikivuja na kuwaweka hatarini anatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Nikajiuliza: kwa kumbukumbu za siku saba zenye 127.0.0.1 tupu, ningemjulisha nini?

Swali la pili halikujibiwa na programu yoyote moja kwa moja, na hapa vijana wengi hukosea. Wanafikiri ukichagua programu nzuri kazi imekwisha. Roundcube haiji na uthibitisho wa hatua mbili ndani yake, unaongeza programujalizi. Haiji na taarifa kwamba umeingia kutoka mahali pageni. Hiyo niliandika mwenyewe, mistari kama mia moja ya PHP inayoamka mtu anapoingia. Ikikuta mtandao ambao hajawahi kuutumia, inamtumia ujumbe mfupi kwenye simu. Skripti nyingine inatazama folda za vichujio: kikiwekwa kichujio kipya au agizo la kuelekeza barua nje, ujumbe unakwenda. Kuhusu ile 127.0.0.1, Dovecot ina mpangilio wa login_trusted_networks. Ukiitajia seva ya webumeli humo, inakubali kupokea anwani halisi ya mteja kutoka kwa karani. Mstari mmoja tu pamoja na programujalizi ndogo! Ungekuwepo kabla ya Agosti, tungejua mengi. Kumbukumbu sasa nazihifadhi mwaka mzima.

Nilitaka pia iwe na Kiswahili chepesi. Maneno ya Roundcube yako kwenye mafaili ya kawaida, kwa hiyo nilifungua faili na kuandika yangu. Kisha nikamkalisha mama wa vipuri mbele ya skrini awe mkaguzi. Akasoma polepole: Kikasha, Zilizotumwa, Taka. Akasita.

"Rasimu? Ile ya katiba?"

Nikaifuta, nikaandika "Hazijatumwa".

Tulihama usiku wa Jumamosi moja Januari 2020. Barua zenyewe hazikusogea, maana ziko kwenye IMAP. Nilikuwa nabadilisha karani tu. Nililala nikijisifu. Jumatatu saa mbili asubuhi simu kumi na saba: anwani zangu zimekwenda wapi? SquirrelMail huweka kitabu cha anwani cha kila mtu kwenye faili lake lenye mwisho wa .abook, Roundcube huviweka kwenye hifadhidata. Nilisahau kabisa. Niliandika skripti ya kuvihamisha huku nikiomba radhi kwa simu, na kufikia jioni vilikuwa vimerudi. Ukihama, anza na vitabu vya anwani. Miezi miwili baadaye corona ikaingia nchini, watu wakaanza kufanya kazi nyumbani kwa simu zao, nikaona heri tulihama mapema.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Jumapili, tarehe 1 Juni 2025, ilikuwa Madaraka. Tulikuwa sebuleni tukitazama sherehe za Homa Bay kwenye runinga. Nikapata taarifa: Roundcube imetoa matoleo ya 1.6.11 na 1.5.10, sasisha haraka. Nikasoma zaidi. Kasoro yenyewe ilimruhusu mtu yeyote aliyekwisha kuingia kwenye akaunti kuendesha amri kwenye seva. Na ilikuwa imelala ndani ya programu kwa zaidi ya miaka kumi.

Fikirini maana yake. Siku ninaichagua, ufa ulikuwemo. Nilipomwambia mama "hii ni salama zaidi", ufa ulikuwemo. Mwizi yule wa 2019, angekuwa na nenosiri la mama mmoja kwenye Roundcube, na angeujua ufa huu, asingesoma barua za mama peke yake. Angeshika funguo za vikoa vyote mia tatu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilichukua nakala rudufu, nikajaribu sasisho kwenye seva ya pembeni, nikapitisha kwenye seva kubwa. Saa tano usiku nilikuwa nimemaliza. Baadaye mtafiti aliyeigundua alieleza kwamba wavamizi walichambua marekebisho yale na kupata njia ya kuutumia ufa ndani ya saa 48. Aliyengoja hadi wiki ikatike alichelewa.

Kwa hiyo ukiniuliza programu gani, nitasema Roundcube. Tangu Novemba 2023 iko chini ya mwavuli wa Nextcloud, na hata cPanel, iliyokuwa ikiwapa wateja zote tatu, iliondoa SquirrelMail kisha Horde ikabaki nayo hiyo moja. Lakini usiichukue kwa kudhani haina nyufa. Ichukue kwa sababu kuna watu wanaoziziba, halafu na wewe uwe mtu wa kufunga sasisho usiku wa sikukuu. Hilo la pili likikushinda, mhamishe mteja wako kwa Google akalipe dola, utakuwa umemtendea haki.

Wiki ileile ya Madaraka, saa kumi na mbili asubuhi, mama wa vipuri alinipigia simu akihema.

"Kijana wangu, nimepata ujumbe! Kuna mtu ndani!"

Nikaruka kitandani, nikafungua kumbukumbu. Anwani ya Kikuyu, kivinjari cha simu.

"Mama, jana ulilala wapi?"

"Kwa binti yangu, Kikuyu. Nilitumia intaneti yake."

"Basi ni wewe."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Afadhali nijishuku mwenyewe."

Haya, niishie hapo. Nimeona kuna toleo jipya la Dovecot, ngoja nikalijaribu kabla simu hazijaanza kulia.